Miaka 60 ya Maktaba ya Umma: Eldoret na Jukumu Lililohamia Kaunti

Mwaka 2025 Kenya ilitimiza miaka 60 tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa, Sura ya 225 ya sheria za nchi. Bodi hiyo, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, KNLS, ilianza kazi mwaka 1967, na baada ya miongo kadhaa matawi yake yalikuwa zaidi ya 60. Tawi la Eldoret ni mojawapo. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo kufikisha umri huo, tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji, ikawa jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Matukio haya mawili yanakutana wakati maktaba za umma zinatoka mikononi mwa serikali kuu na kuingia mikononi mwa kaunti, na kumbukumbu ya miaka 60 haitakuwa na maana tukiishia kupongezana. Historia ya taasisi hii inafundisha jambo moja: maktaba ya umma huishi pale sheria, fedha na mwenye dhamana vinapokaa pamoja. Jukumu likihama na fedha zikabaki nyuma, maktaba hufungwa hata kama hakuna aliyetoa amri ya kuifunga.

Tuanze na mji wenyewe. Kabla ya kuitwa Eldoret, mahali hapa palijulikana kama Sitini na Nne, kwa namba ya shamba lililopimwa wakati walowezi walipogawiwa ardhi ya Uasin Gishu. Posta ilifunguliwa mwaka 1910, jina la Eldoret likatangazwa rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Ulikuwa mji wa walowezi, na usomaji nao uligawanywa kwa rangi kama ardhi ilivyogawanywa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu, na vitabu vya mzunguko vilivyogharimiwa na Carnegie Corporation vilipelekewa walowezi wa mashambani kutoka huko huko. Mwafrika hakuruhusiwa kuwa msomaji wa McMillan mpaka Baraza la Jiji la Nairobi lilipoichukua mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika kipindi hicho mlango wake ulikuwa Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 chini ya Charles Granston Richards. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, likatuma masanduku ya vitabu vijijini, na likawaazima wasomaji wa mbali vitabu kwa njia ya posta. Huduma hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilithibitisha kwamba wasomaji walikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa nyumba ya vitabu ambayo ni yao kwa haki.

Ukoloni ulipokaribia kwisha, swali likawa nani aijenge nyumba hiyo. Mwaka 1960 Sidney Hockey, mtaalamu wa maktaba, aliandika ripoti kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki na kupendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya kitaifa. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, jambo linaloonyesha uzito ambao viongozi wa kizazi kile waliupa usomaji wa umma. Bodi ya kitaifa ilikuwa na mantiki: mabaraza ya wilaya yalikuwa na kipato kidogo, na vitabu, wakutubi na majengo ni gharama inayorudi kila mwaka. Kenya haikuchelewa kuona ukweli huo. Sheria ya mwaka 1969 iliyahamisha kutoka kwa mabaraza ya kaunti majukumu makubwa matatu, yaani elimu ya msingi, afya na barabara, na chanzo chao kikuu cha mapato, kodi ya mtu binafsi, nacho kikaondoka. Mabaraza hayo yalikuwa yamebebeshwa mzigo usiolingana na mfuko wao. Funzo la mwaka 1969 lina uzito leo kwa sababu tumerudi kwenye njia panda ile ile, safari hii kwa ajili ya maktaba.

Kilichojengwa katika miaka 60 hiyo si kidogo. Chini ya viongozi kama Francis Otieno Pala, aliyeisimamia KNLS katika miaka yake ya mwanzo, huduma ilitoka Nairobi ikaenea hadi miji ya mikoani. Mwaka 1984 Nairobi iliwapokea wakutubi wa dunia nzima katika mkutano mkuu wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba. Baadaye jamii za vijijini zilianza kujenga maktaba zao wenyewe, na KNLS ikaziunga mkono. Mwaka 1996 ngamia walianza kubeba vitabu kuwapelekea wafugaji wa kaskazini mashariki. Kwa upande wake, Eldoret ilikua haraka: Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, viwanda vya nguo vikavuta wafanyakazi, na hospitali ndogo ya wakoloni ikakua hadi kuwa hospitali ya mafunzo na rufaa ya Moi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini. Mji wa ukubwa huo ukiwa na tawi moja la maktaba ya taifa tayari umebana matumizi. Hauna ziada ya kupunguza.

Ili kuelewa kinachoweza kupotea, tazama kazi inayofanyika nyuma ya kaunta. Kitabu kikifika kwenye tawi hakiendi rafuni moja kwa moja. Mkutubi hukiingiza katika daftari la mapokezi na kukipa namba yake, hukigonga mhuri wa maktaba, kisha hukitafutia mahali pake katika mpangilio wa Dewey, ambamo fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye 896.392. Namba hiyo hubandikwa kwenye mgongo wa kitabu, na ndani ya jalada hubandikwa karatasi ya tarehe za kurejesha. Tangu hapo kitabu hicho ni mali ya kila mkazi, na yeyote anayejua namba anaweza kukifikia bila kumbembeleza mtu. Daftari la mapokezi na karatasi ya tarehe ni vitu vidogo, lakini ndivyo mashahidi wa kweli wa afya ya maktaba. Karatasi ikiwa na mihuri ya karibuni, wasomaji wapo. Daftari likipitisha mwaka bila ingizo jipya, mwaka huo maktaba ilikuwa imefungwa kwa vitabu, hata kama askari wa lango alifungua kila asubuhi saa mbili.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyobadilisha mwenye dhamana. Jedwali la Nne linaziorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makumbusho, michezo na shughuli za kitamaduni. Jedwali la Sita lilitaka uhamishaji wa majukumu ukamilike hatua kwa hatua katika muda usiozidi miaka 3 tangu uchaguzi wa kwanza wa mabunge ya kaunti. Uchaguzi huo ulifanyika Machi 2013, mabaraza ya miji likiwemo la Eldoret yakavunjwa, na Kaunti ya Uasin Gishu ikaanza kazi. Kwa hesabu hiyo maktaba zilipaswa kuwa zimetulia mikononi mwa kaunti kufikia mwaka 2016. Haikuwa hivyo. Mvutano wa nani alipe mishahara, nani amiliki majengo na nani anunue vitabu uliendelea miaka mingi baada ya muda huo. Katika mvutano kama huo hasara haimpati waziri wala gavana. Humpata mwanafunzi anayekuta rafu ya vitabu vya zamani, na mkutubi asiyejua mwajiri wake wa kesho ni nani.

Watu wakisikia habari za kufungwa kwa maktaba, hutarajia tangazo, kufuli mlangoni na maandamano. Kwa kawaida mambo huanza mapema zaidi, na huanzia kwenye kitabu cha bajeti. Kwanza fungu la vitabu linapunguzwa kwa sababu vitabu havilalamiki. Kisha mkutubi anastaafu na nafasi yake haijazwi. Saa za kufungua zinapungua, bili ya umeme inachelewa, kompyuta zinazimika. Wasomaji wanapungua kwa sababu hawapati wanachokitafuta, na kupungua kwao kunatolewa kama sababu ya kupunguza fungu tena. Mwishoni jengo linatamaniwa na idara nyingine inayohitaji ofisi katikati ya mji, na uamuzi wa kulitwaa unaonekana wa busara kwa sababu huduma yenyewe ilikwisha zamani. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo inayohitaji azimio la bunge la kaunti. Ndiyo maana kusema kwamba hakuna mpango wa kufunga maktaba hakutoshi. Mpango unaohitajika ni wa kuiendesha, na mpango huo huonekana katika tarakimu.

Uganda imekwisha kupita njia hii. Bodi ya Maktaba za Umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1964 ilisimamia matawi yake kwa zaidi ya miaka 30. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilipozikabidhi wilaya na miji huduma hiyo, bodi ilipoteza kazi yake, na kila baraza likaamua lenyewe maktaba ina umuhimu gani. Wakutubi wa Uganda wamelalamika kwa miaka mingi kwamba katika mabaraza mengi maktaba iliwekwa mkiani, nyuma ya barabara na zahanati. Mwaka 2003 nchi hiyo ilipitisha sheria mpya ya kuunda Maktaba ya Taifa ya Uganda yenye kazi ya kutoa mwongozo na kusimamia viwango, huku maktaba zenyewe zikibaki mali ya serikali za mitaa. Ugatuzi wenyewe hauna kosa. Maktaba iliyo karibu na wananchi inaweza kuwajua wasomaji wake vizuri kuliko ofisi ya Nairobi. Kosa ni kugatua jukumu bila kugatua fedha zake na bila kuweka kiwango ambacho kaunti yoyote haitaruhusiwa kushuka chini yake.

Hata sheria nzuri haitoshi ikiwa bajeti imekauka. Uingereza, nchi iliyopitisha sheria yake ya kwanza ya maktaba za umma mwaka 1850 na ambayo sheria yake ya mwaka 1964 inazitaka serikali za mitaa zitoe huduma kamili na yenye ufanisi, ilishuhudia mabaraza yakifunga maktaba kwa wingi baada ya serikali kuu kupunguza ruzuku. Uchunguzi wa BBC uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu maktaba 343 zilizofungwa na karibu ajira 8,000 zilizopotea katika miaka sita. Maktaba ya Kensal Rise jijini London, ambayo Mark Twain alikuwepo kuifungua mwaka 1900, ilifungwa na baraza lake mwaka 2011. Lakini mwaka huo huo wa 2011 wakazi wa Gloucestershire na Somerset walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamua kwamba mabaraza yao yalikiuka sheria kwa kutozingatia ipasavyo athari za kupunguza maktaba kwa makundi yanayolindwa. Mifano hiyo miwili ina mafunzo mawili kwa Eldoret. Sheria haizuii kila kufuli, ila humpa mwananchi mahali pa kusimama. Asipokuwa na sheria ya kutaja, hubaki kuomba hisani.

Sasa tuzijibu hoja zinazotolewa dhidi ya kugharimia maktaba, maana baadhi yake ni za watu makini. Ya kwanza ni kwamba kaunti ina wagonjwa wasio na dawa na barabara zisizopitika, kwa hiyo vitabu vingoje. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama maktaba ingekula sehemu kubwa ya bajeti. Gharama zake kuu ni mishahara ya watu wachache, umeme, intaneti na vitabu, na kuziondoa hakutajenga hospitali. Zaidi ya hayo, Jedwali lile lile la Nne limeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kaunti inayolipa walimu wa chekechea kisha inaacha maktaba ya watoto ipukutike inabomoa kwa mkono wa kushoto ilichojenga kwa mkono wa kulia. Mfumo wa elimu ya umilisi ulioanza mwaka 2017 unamtuma mtoto atafute habari mwenyewe, na mzazi asiye na kompyuta wala vitabu nyumbani hulazimika kulipia utafutaji huo kwenye saiba. Pale ambapo serikali imeongeza hitaji la vyanzo vya kusoma, haiwezi kupunguza mahali pa kuvipata bila kumtwisha mzigo mzazi maskini.

Hoja ya pili husema wanaokuja maktaba hawasomi vitabu vya maktaba. Huja na daftari zao kujiandaa kwa mitihani. Ni kweli kwamba wengi wa wasomaji wa maktaba za umma Kenya ni wanafunzi, na kwamba wengi huja kutafuta meza na utulivu. Lakini fikiria wanakotoka. Katika mitaa ya Eldoret kama Langas, Huruma na Munyaka familia nyingi huishi katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo kupika, kulala, redio na kazi ya nyumbani ya mwanafunzi vyote vinagombania nafasi moja na taa moja. Kiti tulivu chenye mwanga, kisichodai ununue chai ili ukikalie, ni huduma halisi ya elimu. Msomaji aliyekuja kutafuta meza huwa hatua chache kutoka rafuni, na kazi ya mkutubi hodari ni kumvusha hatua hizo. Dawa ya usomaji mwembamba ni vitabu vipya na wakutubi wa kutosha. Kuwaondolea wanafunzi hao hata meza kungekuwa kumwadhibu mwenye shida kwa shida yake.

Hoja ya tatu ni simu. Inasemekana kila kitu kipo kwenye simu, basi maktaba imepitwa na wakati. Simu inahitaji bando, na bando hununuliwa kila siku kwa pesa ambayo mwenye kipato kidogo anaihesabu. Kitabu cha kiada cha kidato cha nne au riwaya inayotahiniwa hakisomeki vizuri kwenye kioo cha inchi tano, na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapishwa Nairobi na Dar es Salaam havipo mtandaoni kihalali. Kununua navyo kumekuwa kugumu: Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16. Kitabu kinapopanda bei, thamani ya nakala moja inayosomwa na watu hamsini hupanda pia. Maktaba na intaneti havishindani. Kwa wengi maktaba ndiyo mahali ambapo intaneti hupatikana pamoja na mtu wa kukusaidia kutenganisha habari ya kweli na uzushi.

Hoja ya nne husema Eldoret imejaa vyuo, na vyuo vina maktaba. Chuo Kikuu cha Moi kina maktaba kubwa inayoitwa Margaret Thatcher, lakini ipo Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini, na kama maktaba za vyuo vingine imewekwa kwa ajili ya wanachuo na wahadhiri wake. Fundi wa Kapsoya, mama wa kioski anayetaka kujifunza kuweka hesabu, au mtoto wa darasa la sita hana kitambulisho cha chuo. Wengine hutarajia wafadhili. Nairobi imeonyesha kwamba ushirikiano unaweza kufanya makubwa: shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limeshirikiana na kaunti kukarabati maktaba za Kaloleni na Makadara na kuzirudishia wasomaji. Ila maktaba hizo ziliweza kufufuliwa kwa sababu zilikuwa bado mali ya umma. Mfadhili hupaka rangi, hununua rafu, hujaza vitabu. Mshahara wa mkutubi wa mwaka wa kumi ni wajibu wa serikali.

Kinachotakiwa basi kinaeleweka. Sheria ya kaunti iseme wazi kwamba maktaba ya umma ni huduma ya lazima, itaje kiwango cha chini cha wakutubi waliosomea kazi hiyo, na izuie jengo la maktaba kubadilishwa matumizi bila kuwasikiliza wananchi. Bajeti iwe na fungu la vitabu linalojitegemea, tofauti na la mishahara na ukarabati, ili kila mtu aone limepanda au limeshuka. Serikali kuu nayo ihakikishe fedha za huduma hii zinafuata kazi iliyohamishwa, na KNLS ibaki na nguvu ya kuweka viwango na kukagua, ili Kenya isilazimike kuunda upya kesho kile Uganda ilicholazimika kukiunda mwaka 2003. Manifesto ya maktaba za umma ya UNESCO, iliyoandikwa mwaka 1949 na kuhuishwa mara ya mwisho mwaka 2022, inasisitiza hayo hayo: maktaba ya umma ni wajibu wa serikali za mitaa na za kitaifa, ilindwe na sheria na igharimiwe na serikali.

Msomaji wa Eldoret ana nafasi yake katika hili. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe waraka wa mkakati wa fedha kwa bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Wakati wa mikutano hiyo tumezoea kuuliza kuhusu barabara, maji na basari, na ni haki yetu. Mwaka huu ongeza swali moja kwa mwakilishi wako wa wadi: fungu la vitabu vya maktaba ni shilingi ngapi, na mwaka jana lilikuwa ngapi? Ukijibiwa kwa tarakimu, iandike na uifuatilie. Ukikosa jibu, uliza tena mkutano unaofuata, ukiwa na majirani zako. Maktaba iliyotufikia kwa sheria ya mwaka 1965 itavuka miaka 60 ijayo ikiwa wakazi wa jiji hili wataidai kama haki yao.